Nailoni Ndiyo Ghala: Kufunga na Kulinda Marobota ya Saileji



Marobota mawili yanaweza kutoka shamba moja, siku moja, kwenye mahindi yale yale. Miezi mitano baadaye, kiangazi kimekolea, unafungua la kwanza na ng'ombe wanalikimbilia. Unafungua la pili na kukuta limekuwa jeusi, lina ukungu, linateleza mkononi na linanuka kama kinyesi. Malisho yalikuwa mamoja na gharama ilikuwa moja. Kilichotofautisha ni tundu dogo kwenye nailoni, pengine la mwiba mmoja, ambalo hakuna aliyeliona wala kuliziba.

Kipeperushi hiki kinahusu tundu hilo. Wafugaji wengi wamekwisha fundishwa kukata na kushindilia saileji, lakini habari ya kufunga na kulinda huguswa kwa haraka mwisho wa mafunzo, watu wakiwa wamechoka na jua.

Kama maziwa kwenye kibuyu

Anayejua maziwa mgando tayari anaijua saileji. Maziwa yakiwekwa kwenye kibuyu kilichosafishwa na kufukizwa, kikafunikwa vizuri, huchachuka na kudumu. Vijidudu vizuri hula sukari iliyomo na kutoa uchachu, na uchachu huo huwazuia waharibifu. Kwenye saileji kazi ni hiyo hiyo, ila sharti lake ni kali zaidi: hewa isiingie. Hewa ikiingia, ukungu na hamira ya porini huamka, hula ule uchachu, na malisho huanza kupata joto na kuoza. Huozea pale penye tundu kwanza, kisha kuelekea ndani.

Hapo ndipo robota la saileji linapotofautiana na robota la hei. Hei imekaushwa, kwa hiyo linaifunga kamba tu na kuwekwa mahali pasiponyesha. Saileji ina maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Bila nailoni iliyofungwa barabara, ni rundo la majani mabichi yanayongoja kuoza.

Jambo moja tuliseme mapema. Saileji haichukui nafasi ya alalili wala ngitili, na hakuna boma litakalolisha ng'ombe mia mbili kwa marobota. Waliopitia ukame wa 2009, au ule wa 2021 hadi 2022, wanakumbuka ni wanyama gani waliotangulia kuanguka: jike anayenyonyesha, mwenye mimba kubwa, na ndama aliyeachishwa karibuni. Hao ndio wa kutengewa saileji, pamoja na wale wachache wanaobaki bomani kuwapa watoto maziwa wakati mifugo mingine imehama.

Anza na idadi ya midomo

Kabla hujanunua robota au kukata bua moja, hesabu. Tuseme ng'ombe watano watabaki bomani, na kila mmoja utampa kilo 10 za saileji kwa siku pamoja na majani makavu au mabua. Hizo ni kilo 50 kwa siku. Kwa siku 60 ni kilo 3,000, yaani tani tatu. Unaweza kuzipata kwa marobota 10 ya mashine ya kilo 300, au mifuko mirefu sita ya kilo 500, au viroba 60 vya kilo 50. Uzito ni ule ule. Kinachobadilika ni siku ambazo malisho yatakaa wazi baada ya kufunguliwa, na wafugaji wengi hupata hasara hapo bila kujua.

Robota kubwa la mviringo likishavuliwa nailoni, liko wazi pande zote. Kwa ng'ombe watano robota la kilo 300 litachukua siku sita. Katika joto la nyanda zetu, siku ya tatu au ya nne utaingiza mkono ndani na kuhisi joto kama la uji. Hiyo ni saileji inayoungua polepole. Ng'ombe wataanza kuichagua na kuiacha. Kiroba cha kilo 50 kinaisha siku ile ile, hakuna kinacholala wazi. Mfuko mrefu uko katikati: unafungua mdomo mmoja, unakata kipande cha unene wa shubiri moja kuanzia juu hadi chini, kisha unaufunga tena. Ukikata shubiri moja kila siku, unakwenda mbele ya uozo.

Maoni yetu ni kwamba familia yenye ng'ombe chini ya kumi wa kulishwa bomani isinunue robota kubwa peke yake. Maboma mawili au matatu yanaweza kuungana, wakafungua moja kwa pamoja na kuligawana, liishe ndani ya siku tatu. Kama jirani zako wako mbali, viroba vinakufaa zaidi, hata kama kazi yake ni ya mikono.

Kinachoingia ndani

Nailoni nzuri haiwezi kuokoa malisho mabaya. Mahindi hukatwa punje zikiwa zimeanza kukaza: ukibonyeza kwa ukucha, ndani ni kama unga uliokandwa na maziwa yamebaki kidogo tu. Mahindi yaliyokatiwa mvua yakashindwa kubeba nayo yanafaa, mradi bado yana ukijani. Hayo yakate juu kidogo, ukiacha sentimita 30 za shina shambani, kwa sababu wakati wa ukame sumu ya naitreti hujikusanya sehemu ya chini ya shina. Kama mvua imerudi ghafla baada ya jua kali, ngoja siku kadhaa ndipo ukate. Mtama nao usikatwe ukiwa mchanga au uliodumaa. Mfugaji aliyewahi kupoteza ng'ombe kwenye machipukizi ya mtama hahitaji kuelezwa sababu.

Majani ya kawaida yakatwe yanapoanza kutoa maua, yaachwe yanyauke kwa nusu siku hivi. Majani ya nchi za joto yana sukari kidogo, kwa hiyo yaongezee molasi: lita 2 hadi 3 kwa kila kilo 100 za majani, ukiizimua kwa maji kiasi hicho hicho ili isambae. Mahindi yenye punje hayahitaji molasi.

Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Mashine ya kukatia malisho ni bora. Panga linafaa kwa viroba vichache, lakini vipande virefu hubaki na hewa katikati, na ncha zake hutoboa nailoni kutoka ndani. Kisha pima unyevu kwa mkono. Fumba konzi ya malisho kwa nguvu kwa nusu dakika. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ni mabichi mno, yaache kwanza. Ukifumbua na yakasambaratika papo hapo, ni makavu mno na hayatashindilika. Yakibaki donge linalofunguka polepole, na kiganja kikawa na unyevu tu, funga. Usione hili kuwa dogo. Wako vijidudu vibaya ambavyo havihitaji hewa, hivyo nailoni haiwazuii. Vinapenda maji mengi na udongo, na ndivyo vinavyoleta ule mteremko na harufu ya kinyesi. Kwa sababu hiyo pia usiburure malisho ardhini na usikanyage na viatu vyenye samadi.

Kufunga kwa mkono

Kwa kiroba, tumia mfuko wa nailoni nzito ndani na kiroba cha kawaida nje. Nailoni inazuia hewa. Kiroba kinaikinga nailoni na miiba na kucha. Kila mfuko wa nailoni uinue juani na uuangalie ndani kabla ya kuujaza. Ukiona mwanga unapenya mahali, uweke kando. Jaza kidogo kidogo, shindilia kila tabaka kwa ngumi au kwa kigogo chenye ncha butu, hasa kwenye pembe, ambako hewa hupenda kujificha. Ukibonyeza kwa kidole gumba na kidole kisizame, hapo umeshindilia. Kamua hewa ya juu, sokota mdomo wa nailoni, ukunje urudi chini, kisha funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamba ya katani hulegea. Mpira unaendelea kubana.

Mfuko mrefu unatokana na ile nailoni inayouzwa ikiwa duara, haijapasuliwa ubavuni. Chagua ya geji 1000, yenye upana wa mita 1.5 ikiwa imelala, na ukate urefu wa mita 2.5. Funga upande mmoja, jaza huku mtu mmoja akikanyaga ndani kwa miguu iliyooshwa, kisha funga upande wa pili. Ukishindiliwa vizuri hubeba hadi kilo 500. Uujaze pale pale utakapokaa, maana hakuna atakayeuinua baadaye bila kuupasua.

Kuhusu sheria, zuio la mifuko ya plastiki lililoanza Tanzania Juni 2019 linahusu mifuko ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya kilimo havimo katika zuio hilo.

Ukifungiwa kwa mashine

Kikundi chenu kikikodi mashine ya kuzungushia nailoni, au ukinunua robota lililokwisha fungwa, cha kuulizia ni tabaka. Tabaka nne ndicho kiwango cha chini. Kwa mahindi na mtama, ambayo mabua yake ni magumu na yana ncha, omba sita. Kila mzunguko uufunike ule uliotangulia kwa nusu ya upana wake.

Kuhakiki ni rahisi, wala huhitaji kuwa fundi. Simama kando na uhesabu mizunguko hadi pale malisho yasipoonekana tena mahali popote, kisha ongeza mmoja. Hapo robota lina tabaka mbili. Kwa tabaka nne, mwenye mashine azungushe mara mbili ya hesabu hiyo. Kwa sita, mara tatu. Mfano, kama robota limefunikwa baada ya mizunguko 11, ongeza mmoja iwe 12: tabaka nne ni mizunguko 24, sita ni 36. Anayebana nailoni ili apate faida atasema tabaka mbili zinatosha kwa sababu zimeshafunika. Mwambie hapana. Nailoni unayookoa ni ya bei ndogo kuliko malisho utakayomwagia mbolea.

Robota lifungwe siku lilipobanwa, na ikiwezekana ndani ya saa chache. Lililolala usiku bila nailoni limekwisha anza kupata joto. Lifungiwe karibu na mahali litakapohifadhiwa, lisivingirishwe juu ya visiki na mabua yaliyokatwa, na lisiinuliwe kwa ndoano. Likishafika, lisimamishe kwa upande wake bapa. Mashine huweka tabaka nyingi zaidi pande hizo, kwa hiyo ndizo zinazostahimili ardhi.

Siku chache baada ya kufungwa, mfuko au robota linaweza kuvimba kama tumbo la ng'ombe aliyejaa gesi. Usilitoboe! Hiyo ni gesi ya uchachu, na inasukuma nje hewa iliyobaki. Litanywea lenyewe. Marobota mengi yaliyotobolewa kwa nia njema yameozea pale pale kwenye tundu la msumari.

Mahali pa kuweka, na anayeangalia

Chagua mwinuko kidogo ambapo maji hayatuami. Ondoa mawe na visiki, tandaza mchanga, kaa mbali na kichuguu cha mchwa. Kivuli ni kizuri, lakini si kivuli cha mgunga, kwa sababu mgunga hudondosha miiba mwaka mzima. Nailoni ya kawaida isiyotengenezwa kustahimili jua hukauka na kupasuka baada ya miezi michache, hivyo ifunike kwa nyasi au uiezekee kibanda.

Uzio ni lazima, na hapa wafugaji hufanya kosa la kweli. Tumezoea kukata matawi ya miiba na kuyaegemeza kwenye kile tunachokilinda. Kwa saileji, mwiba unaomzuia mbuzi ndio unaotoboa nailoni. Acha nafasi ya hatua mbili kati ya uzio na marobota. Nafasi hiyo pia inakupa njia ya kupita na kukagua. Mbuzi mwenyewe anazuiwa si kwa sababu atakula, bali kwa sababu atapanda juu kucheza, na kila kwato ni tundu. Watoto nao waambiwe hivyo hivyo. Fyeka nyasi ndefu pembeni ili panya wasipate pa kujificha, na kama kunguru ni wengi, tandaza wavu wa zamani wa samaki au matawi yasiyo na miiba juu.

Kagua mara moja kila wiki, kwa kulizunguka kila robota na kupitisha macho hadi chini. Kazi hii apewe mtu mmoja kwa jina, na mara nyingi anayefaa ni mama anayebaki bomani wakati vijana wamehama na ng'ombe. Basi yeye ndiye aonyeshwe namna ya kuziba, na utepe wa kuzibia akae nao yeye. Tundu ukiliona, futa vumbi, kausha kwa kitambaa, kisha bandika utepe maalumu wa saileji unaovuka tundu kwa upana wa vidole vinne kila upande. Utepe wa kufungia makaratasi na ule wa mafundi wa maboksi huachia kwenye jua. Tundu la leo likizibwa leo, hasara ni konzi moja. Likiachwa mwezi, unaweza kutupa nusu ya robota.

Kufungua

Subiri angalau siku 30. Saileji nzuri ina rangi ya kijani iliyofifia kuelekea njano, na harufu ya uchachu inayokumbusha maziwa mgando au matunda yaliyoiva. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na inanukia kama tumbaku, iliungua kwa hewa iliyobaki ndani. Ng'ombe wataila, lakini nguvu yake imepungua sana. Ikiwa na ukungu mweupe, wa bluu au mwekundu, au inateleza na kunuka, toa sehemu hiyo pamoja na upana wa shubiri moja ya ile inayoonekana nzima inayoizunguka. Kama uozo umefika katikati, tupa yote. Inauma, hasa mwezi wa kiangazi. Lakini usiseme "wapeni mbuzi, wao hula chochote."

Kondoo na mbuzi ndio wanaodhurika upesi na saileji iliyoingia hewa. Ndani yake huzaliana vijidudu vya listeria, vinavyoshambulia ubongo na kuharibu mimba. Mnyama huinamisha kichwa upande mmoja, huzunguka mahali pamoja, mdomo na sikio la upande mmoja hulegea, na hutokwa mate. Dalili hizi zinafanana na ormilo, ambayo wafugaji wa Kimasai wanaijua vizuri, na ndiyo sababu hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zamani tu. Ukiziona baada ya kuanza kulisha saileji, au majike wakianza kutupa mimba, acha kulisha robota hilo siku hiyo hiyo na umwite afisa mifugo. Usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Chemsheni maziwa yote: vijidudu hivi hupita kwenye maziwa mabichi, na kwa mama mjamzito vinaweza kuua mtoto tumboni.

Punda usimpe saileji kabisa, hata ile nzuri. Punda na farasi huathiriwa vibaya na sumu ya botulizimu, ambayo inaweza kuwamo kwenye malisho ya kufungwa bila wewe kuiona wala kuinusa. Hulegea viungo, hushindwa kumeza, hulala na hainuki. Kwa familia inayochota maji mbali, huyo si hasara ya mnyama mmoja tu. Ndama walio chini ya miezi mitatu nao waendelee na maziwa na majani laini, kwani tumbo lao bado halijakomaa.

Kwa ng'ombe wakubwa anza kidogo, kilo mbili au tatu kwa siku, ukiongeza kwa muda wa wiki moja. Wanaokamuliwa wape baada ya kukamua, si kabla, la sivyo maziwa yatachukua harufu ya saileji na mnunuzi atayakataa.

Iliyooza ifukie, au itupe kwenye shimo la mbolea lenye uzio ambako mbuzi na kuku hawafiki. Na unapovua nailoni, hesabu vipande na vifundo vya kamba kabla ya kuwaita ng'ombe. Ng'ombe mwenye njaa humeza nailoni yenye harufu ya saileji bila kusita, na ikishaingia tumboni haitoki. Kusanya yote kwenye kiroba kimoja, kifunge, ukitundike juu. Ile iliyobaki nzima itakufaa kuezekea kibanda cha marobota ya mwakani.